Barabara Kichwani mwa Kamanda

Umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kichwa cha Kamanda.

Si pembeni, wala si kisogoni ambako mtu anaweza kujisitiri kwa kuinua kola. Katikati. Mashine ilikuwa imeanzia kwenye paji la uso, ikapanda utosini kwa heshima zote, ikateremka upande wa pili hadi karibu na shingo, na hapo ikakohoa, ikakata roho. Kulia na kushoto kulibaki vichaka viwili, kwa maana mwenye kichwa hakuwa amenyoa kwa wiki kadhaa. Katikati ya vichaka ilipita njia moja, pana, iliyonyooka, inayong'aa kwa jasho.

"Shemeji," alisema kinyozi taratibu, "usiangalie kioo."

Ni ushauri mgumu kwa mtu aliyekaa mbele ya kioo. Kamanda aliangalia. Alichokiona alikifahamu vizuri kuliko mtu yeyote mtaani, kwa sababu aliyekivumbua ni yeye.

Kamanda alikuwa mwalimu wa nidhamu katika shule ya bweni ya wavulana iliyoko mwisho wa mtaa ule, na kwa saa zilizobaki alifundisha fizikia. Kila Jumatatu alikagua nywele. Aliyekutwa na nywele ndefu alikalishwa kwenye kiti cha mbao mbele ya gwaride, na Kamanda, kwa mashine yake mwenyewe iliyochomekwa ukutani, alimpitisha barabara moja kutoka paji la uso hadi kisogoni. Kisha akazima mashine. Hapo ndipo adhabu ilipoanza, maana sheria ilisema aliyechorwa barabara haruhusiwi kumaliza kunyoa mpaka Jumapili. Atakula nayo, atasali nayo, atacheza mpira nayo. Yupo kijana wa kidato cha tatu aliyechorwa mara nyingi hivi kwamba hata walimu walishasahau jina lake halisi. Aliitwa Barabara, naye aliitika.

Siku hii ilikuwa Jumamosi, na saa nane mchana wazazi wote walikuwa wanakuja shuleni kwa mkutano. Mwalimu mkuu alikuwa safarini. Mgeni rasmi alikuwa ameomba radhi. Hotuba ilimwangukia Kamanda, naye aliipa kichwa cha habari yeye mwenyewe: "Unadhifu Ndio Mlango wa Maisha."

"Malizia," alisema.

"Kwa kutumia nini, shemeji? Kwa kupuliza?"

"Si ulikuwa na ile ya chaji?"

"Ilikufa jana usiku. Tangu joto hili lianze nani ana chaji? Hata simu yangu nimeifanya jiwe la kuzuia mlango."

Kinyozi alikuwa mdogo wake mke wa Kamanda, na utani wa mashemeji alikuwa anaudai kama haki yake ya kuzaliwa. Hata hivyo siku hiyo alitania kwa uangalifu, kama mtu anayemkamua ng'ombe asiyemjua.

"Mkasi basi."

"Mkasi nilio nao ni wa ndevu. Nikianza nao, saa nane itakukuta umefanana na shamba lililoingiliwa na mbuzi."

Kamanda alipekua rafu kwa macho. "Wembe?"

"Wembe na wewe? Umesahau harusi yako? Ulinyolewa wembe asubuhi, mchana kichwa kikatoka vipele, mpaka leo kwenye picha dada yangu anaonekana amesimama na fenesi."

Suala la wembe likaishia hapo.

Joto lilikuwa limeingia mwezi wake wa pili. Halikuwa joto la kulalamikia tu na kuendelea na kazi. Lami ilishika viatu. Watu walilala sakafuni wakiwa wamelowanisha shuka. Feni ziliisha madukani, kisha zikaisha za mitumba. Na kwa kuwa kila nyumba katika kila mji iliwasha feni na friji mchana na usiku, mitambo ilizidiwa, nyaya kubwa zilipata moto zikalegea, na kampuni ya umeme ikaanza mgao: mtaa huu saa hizi, mtaa ule saa zile. Hilo watu walilikubali, kwa sababu zamu ni zamu. Lisilokubalika lilikuwa jambo jingine. Kila zamu ya mtaa huu ilipofika, umeme ulirudi, watu wakapiga kelele "Umerudiii!" na baada ya dakika chache, kwenye transfoma iliyo mbele ya kinyozi, kukasikika "pap!" Zamu ikaisha kwa giza huku mitaa ya pili ikinywa maji baridi.

"Pap" ya asubuhi hiyo ndiyo iliyomkuta Kamanda kitini.

Fundi wa umeme alishuka ngazi akiwa ameshika fyuzi iliyoungua kama mtu aliyekamata panya kwa mkia. Akaingia kwa kinyozi kutafuta kivuli. Kamanda alijifunika kitambaa cha kunyolea kichwani kwa haraka, akawa kama bibi harusi mwenye masharubu.

"Sijui mtaa huu mnakula nini," alisema fundi, akikaa. "Nimebakiwa na fyuzi za kubadilisha mara moja tu. Hizi zikiungua, nyingine ni Jumatatu, na hiyo ni kama gari litakuwepo."

"Jumatatu?" Sauti ilitoka mlangoni. Ilikuwa ya muuguzi wa zahanati ya jirani, mwanamama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Fundi, friji langu la chanjo linafika Jumatatu? Nimeligusa sasa hivi, barafu imebaki ya kulamba. Watoto wachanga wa mtaa mzima kliniki yao ni Jumatatu. Nikazitupe?"

"Mama, mimi naweka fyuzi. Zikae au zisikae, waulize wanaozichoma."

"Nani anazichoma?"

"Yupo mtu mwenye mzigo mkubwa, na hazimi. Umeme ukikatika, anaacha kila kitu kimewashwa. Ukirudi, vyote vinaamka kwa pamoja na njaa yao. Transfoma yenyewe imeshapikwa na jua tangu asubuhi. Inatoka wapi nguvu ya kuwalisha wote kwa mara moja?"

"Huyo mtu angepatikana," alisema muuguzi, "ningemdunga sindano ile nene."

Chini ya kitambaa, Kamanda aliacha kupumua.

Fizikia aliyoifundisha Jumanne ilikuwa imemkumbuka. Alikuwa amechora ubaoni kwa chaki ya rangi: mota iliyosimama hula umeme mwingi zaidi wakati wa kuanza kuliko wakati wa kuendelea. Aliwauliza wanafunzi mota zikianza nyingi pamoja itakuwaje, akampiga chaki aliyekosa. Sasa akahesabu mwenyewe. Feni za mabweni manane. Pampu ya kisima. Majokofu ya jikoni. Na leo, siku ya wazazi, pasi. Kila bweni lilikuwa na foleni ya pasi zilizochomekwa zikisubiri. Vyote vimewashwa. Vimewashwa kwa nini? Kwa sababu mgao ulipoanza, mtu fulani alisimama gwarideni akatangaza kwamba kila swichi ibaki kama ilivyo, umeme ukirudi shule ijue papo hapo, isipotee hata dakika moja ya masomo.

Mtu huyo alikuwa yeye.

"Fundi," alisema kutoka ndani ya kitambaa, "usiweke fyuzi kwanza."

"Kwa nini, bibi harusi?"

"Ni shule. Subiri nikazime shule."

Muuguzi alimtazama kwa muda. "Mwalimu? Ni wewe humo?" Mkono wake ulienda mfukoni, lakini alitoa leso tu.

"Nitume mimi, shemeji," alisema kinyozi. "Nitawaambia umesema wazime."

"Hawatakusikiliza."

Hii nayo ilikuwa na historia. Mwezi uliopita, usiku wa mgao, sauti ya Kamanda ilisikika nje ya madirisha ikiamuru shule nzima ikalale mapema na kesho yake isiwepo namba, ule mstari wa kuhesabiwa alfajiri. Shule ilitii kwa furaha. Asubuhi ikabainika kwamba Kamanda alikuwa kwake amelala tangu magharibi, na kwamba yupo kijana mwenye kipaji cha kuiga sauti. Hakupatikana. Ndipo ikatoka sheria mpya: swichi kuu haiguswi ila kwa amri ya Kamanda mwenyewe, ana kwa ana, uso ukionekana vizuri. Kiranja mkuu aliishika sheria hiyo kama mboni ya jicho.

Kamanda alisimama. Kinyozi akatafuta chini ya meza, akatoa kofia nyeusi ya sufu, ya kufunika masikio.

"Ni ya msimu wa baridi. Ndiyo niliyo nayo."

Mtu mzima akaingia kwenye jua la kukaanga mayai akiwa amevaa kofia ya sufu. Wauza maji walimtazama. Mbwa aliyelala kwenye mtaro alifumbua jicho moja, akaona joto limeharibu akili ya mtu mwingine, akalifumba. Kamanda alitembea wima. Jasho lilikuwa linakusanyika ndani ya kofia, likipita kwenye ile barabara kama mvua kwenye mfereji, na kumwingia shingoni.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Ataingia na kofia, atatoa amri, atarudi, fyuzi itakaa, kinyozi atamaliza, saa nane itamkuta na kichwa cha mtu mwenye heshima zake. Mpango ulidumu hadi getini.

Mlinzi wa shule alikuwa mzee mrefu, mkavu, aliyeajiriwa na Kamanda mwenyewe kwa sifa moja: hapindi. Alisimama katikati ya geti.

"Shikamoo, mzee," alisema Kamanda, akitaka kupita.

"Marahaba, mwalimu. Kofia."

"Nini?"

"Kofia haiingii shuleni. Kuna sigara, kuna simu, vyote vinapitishwa kwenye kofia. Uliniambia mwenyewe."

"Mzee wangu, ile ni kwa wanafunzi."

"Ulisema kila mtu. Hata mchungaji alivua mwezi jana. Alikuwa na upara, aliungua."

"Nina haraka. Ni jambo la dharura."

"Wote wanaosimama hapa wana dharura, mwalimu." Mlinzi alionyesha ukuta kwa kidevu. Juu ya ukuta, kwa rangi nyekundu na kwa maelekezo ya Kamanda, paliandikwa: SHERIA NI MSUMENO, HUKATA MBELE NA NYUMA.

Kamanda angeweza kufoka. Angeweza kumwita kiranja mkuu aje getini. Lakini kiranja asingeacha swichi kuu bila amri ya ana kwa ana, ndivyo alivyoagizwa. Alitazama nyuma. Mwisho wa mtaa, fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi kwa hatua ya chini, na muuguzi amesimama pembeni yake amejishika kiuno. Walikuwa wanamsubiri yeye.

Alivua kofia.

Mlinzi aliangalia. Uso wake haukubadilika hata kidogo, jambo ambalo baadaye alilisimulia kama kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya katika ulinzi. Alifungua geti.

"Pita, mwalimu. Pole na safari."

Kutoka getini hadi bweni la kwanza si mbali. Kamanda alishawahi kuwaona mamia ya wavulana wakiipita njia ile na barabara zao kichwani, wengine wakicheka kwa kujikaza, wengine wakiinamisha kichwa. Hakuwahi kujua kwamba mtu akiwa katika hali ile hajui mikono aiweke wapi. Aliiweka mgongoni. Akaitoa. Akaiweka mifukoni, akakumbuka kwamba mikono mifukoni ni kosa, akaitoa.

Vibarazani walijaa wavulana waliovaa fulana tu, mashati mikononi, wakisubiri pasi. Kelele ilikuwa kubwa. Kisha wa kwanza akamwona, akamgusa wa pili, na kimya kikasambaa kibaraza kwa kibaraza. Hakuna aliyecheka. Kucheka kunahitaji kuamini ulichokiona, nao walikuwa hawajafika huko. Mmoja alizama ndani ya ndoo ya kufulia, na mabega yake yakawa yanatikisika juu ya povu.

"Kiranja mkuu!"

Kiranja mkuu akaja mbio, akasimama wima. Macho yake yalimtazama Kamanda usoni, yakapanda, yakashuka kwa haraka kama yameungua.

"Zima swichi kuu ya kila bweni. Pampu zima. Majokofu zima. Pasi zote chomoa."

"Mwalimu, samahani. Sheria inasema nihakikishe kwanza kuwa ni wewe. Uso uonekane vizuri."

"Hakikisha."

Kiranja alihakikisha. Alihakikisha kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akizunguka hadi upande wa kisogo. "Ni yeye," alitangaza kwa sauti ya kukatika, na viranja wengine wakatawanyika kwenda kwenye swichi.

Kamanda alibaki amesimama uani. Ilibidi aseme kitu, akasema ukweli, kwa kuwa kingine hakikumjia.

"Niliwaamuru muache kila kitu kimewashwa. Nilikosea. Sisi ndio tunaounguza fyuzi za mtaa, na chanjo za watoto ziko karibu kuharibika. Umeme ukirudi, pampu itaanza peke yake. Ikitulia, bweni la kwanza. Likitulia, la pili. Pasi ni mbili mbili kwa zamu. Atakayewasha nje ya zamu..." Akatafuta adhabu. Ile iliyomjia mdomoni alikuwa ameivaa. "Atakayewasha nje ya zamu, atakuwa ametukosea wote," akamalizia.

Getini mlinzi alipunga mkono. Mwisho wa mtaa fundi alipanda ngazi. Muda ukapita wa kutosha mtu kukariri jedwali la saba mpaka mara kumi na mbili. Kisha mtaa mzima ukapiga kelele, "Umerudiii!" na shule nzima ikakunja uso ikisubiri "pap".

Haikuja.

Pampu ilikohoa mara tatu kwa sauti ya mzee anayekataa kuamka, ikakoroma, ikaanza kuvuta. Bweni la kwanza likawasha feni. Transfoma ikavumilia. La pili. Ikavumilia. Wavulana wakaanza kupiga makofi kwa kila bweni kama wanahesabu magoli, na kwa muda mfupi wakasahau kichwa cha mwalimu wao, naye kwa muda mfupi akakisahau.

"Mwalimu," ilisema sauti ya adabu nyuma yake.

Alikuwa Barabara, na barabara yake ya Jumatatu, na nyuma yake wenzake watano waliochorwa wiki hiyo. Walisimama kwa mstari. Vichwa saba vikatazamana.

"Unaenda kumalizia, mwalimu?"

"Naenda."

"Sawa, mwalimu. Nilikuwa nakumbusha tu." Barabara alitazama viatu vyake. "Sheria ni mpaka Jumapili."

Kamanda alimtazama kijana yule, akagundua jambo lililompita kwa miaka mitatu: sauti ya adabu ya kijana, ukiondoa adabu, ilifanana sana na yake mwenyewe. Kitu hicho alikiweka akibani kwa siku nyingine.

"Mama yako anakuja leo?" aliuliza.

"Anakuja, mwalimu. Mara ya kwanza."

Kamanda alitazama saa. Zamu ya mtaa ilikuwa inaisha saa nane kamili, umeme uende mitaa ya pili. Hesabu haikuhitaji ubao. "Twendeni kwa kinyozi. Wote."

Kinyozi alikuwa ameshafuta kiti, mashine inavuma mkononi. "Shemeji, kaa haraka! Dakika tano tu umekuwa binadamu."

"Hawa kwanza."

"Hawa sita? Shemeji, umeme unaondoka!"

"Nimekuwa na barabara asubuhi moja tu," alisema Kamanda. "Wao tangu Jumatatu. Anza na huyu, mama yake yuko njiani."

Kinyozi aliguna, akaanza. Kwa kuwa alikuwa fundi mzuri, na kwa kuwa hakujua kunyoa vibaya hata akiwa na haraka, kila kichwa kilichukua muda wake. Muuguzi alipita dirishani akasema friji limeanza kuuma vidole, barafu itashika hadi zamu ya jioni, na kwamba aliyestahili ile sindano nene amemsamehe. Kichwa cha sita kilipopanguswa, Kamanda akakaa. Kitambaa kikafungwa shingoni. Mashine ikashuka kwenye kichaka cha kushoto, ikagusa unywele wa kwanza.

Saa nane kamili. Kampuni ya umeme, ambayo haikuwahi kutimiza ahadi kwa wakati, siku hiyo ilitimiza.

"Shemeji," alisema kinyozi.

"Najua," alisema Kamanda. "Nisiangalie kioo."

Ukumbi ulikuwa umejaa wazazi wanaojipepea kwa kila kinachopepea. Kamanda alipanda jukwaani bila kofia. Minong'ono ikapita, ikafa. Kwenye mstari wa mbele walikaa wavulana sita wenye vichwa laini kama mayai, na Barabara alikuwa pembeni ya mwanamke mwenye kitenge cha bluu aliyekuwa anampapasa kisogo na kusema kwa jirani yake kwamba shule hii inawatunza.

Kamanda alifungua karatasi ya hotuba. Akasoma kwa sauti kichwa chake cha habari: "Unadhifu Ndio Mlango wa Maisha."

Na hapo, katika kimya kile, mtoto mdogo, ambaye kaka yake alishamsimulia adhabu ya barabara, aliyekaa mapajani mwa bibi yake aliuliza kwa sauti ya ukumbi mzima: "Bibi, huyu naye alikutwa na nywele ndefu?"

Shule nzima ikaacha kupumua. Viranja walitazama dari. Mlinzi mlangoni aligeukia ukuta. Barabara, ambaye angeweza kupata kicheko cha maisha yake, alifunga mdomo kwa mikono yote miwili, na wenzake watano wakafanya vivyo hivyo.

Ndipo ikasikika sauti ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuisikia. Ilikohoa mara tatu, kama inakataa. Ikakoroma. Wengi waligeuza vichwa kuelekea kisimani wakidhani pampu imewaka bila umeme. Lakini pampu ilikuwa imezimwa, kwa amri, ana kwa ana. Alikuwa Kamanda, jukwaani, anacheka.

"Alikutwa, mwanangu," alijibu alipoweza. "Anamalizia kesho. Jumapili."